Uso kwa uso na nyati Mlima Meru: Mambo ya kufanya na ya kuepuka

Msafara unapanda asubuhi kutoka lango la Momella kuelekea kituo cha Miriakamba. Ghafla askari aliye mbele anainua mkono. Wote wanasimama. Hatua kama 20 mbele yao, pembeni mwa kichaka, nyati dume ameinua kichwa na kuwakazia macho. Nyuma kwenye msafara, mtu mmoja tayari ameingiza mkono mfukoni kutafuta simu apige picha.

Sekunde hizo chache ndizo zinazoamua kama hiyo itakuwa stori ya kusimulia nyumbani au msiba.

Kwa nini Meru hupandi bila askari?

Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Upo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na siku ya kwanza njia yake hupita katikati ya makazi ya wanyama: nyati, twiga, ngiri, hata tembo. Ndiyo maana kila msafara husindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Wageni wengi huuliza kuhusu simba. Lakini anayewapa askari hao kazi zaidi njiani ni nyati, ambaye wengine humwita mbogo.

Wengi hudhani kinga yao ni ile bunduki. Ukweli ni kwamba bunduki ni hatua ya mwisho kabisa. Kinga ya kwanza ni macho na masikio ya askari, anayejua nyati hupenda kukaa wapi na saa ngapi. Akisema simama, simama. Maswali baadaye.

Anafanana na ng'ombe, lakini si ng'ombe

Hapo ndipo watu hujisahau. Nyati wa Afrika hajawahi kufugwa. Dume kubwa linaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 700, na mashina ya pembe zake hukutana juu ya paji la uso kama ngao.

Mbio nazo usiseme. Nyati anaweza kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Usain Bolt, siku alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu ilikuwa kama kilomita 44 kwa saa. Sasa jipime wewe, na begi mgongoni.

Nyati walio kwenye kundi kubwa wakisikia watu mara nyingi huondoka. Wa kuogopwa zaidi ni dume mzee anayeishi peke yake au na wenzake wawili watatu. Huyu hana kundi la kumlinda, hivyo akishtukizwa karibu, anaweza kuamua kupambana badala ya kukimbia. Jike mwenye ndama na nyati aliyejeruhiwa nao si wa kuchezea.

Kwa maneno mengine, hatari kubwa ni kumshtukiza.

Dalili kwamba yuko karibu

• Kinyesi kibichi njiani. Kinafanana na cha ng'ombe. Kikiwa bado kina unyevu na nzi wamejaa, mwenyewe hayuko mbali.
• Ndege wanaokula kupe. Hawa hukaa mgongoni mwa nyati. Ukiwaona wakiruka ghafla kutoka kichakani huku wakipiga kelele, simama.
• Upepo. Ukivuma kutoka kwako kwenda kwake, atakunusa mapema na huenda akaondoka. Ukivuma kutoka kwake kuja kwako, hana habari kama unakuja.
• Maji. Kelele za mto humeza sauti ya nyayo zako, na nyati hupenda maji na matope.

Kwenye vichaka vizito na kona zisizoona mbele, zungumzeni kwa sauti ya kawaida au pigeni makofi. Ukiwa na earphone masikioni, umejinyima mlinzi wako wa kwanza.

Ukimkuta uso kwa uso

Simama. Usipige kelele, usirushe jiwe, usimsogelee. Simu iache mfukoni.

Kaeni pamoja nyuma ya askari. Kisha rudini nyuma polepole bila kumpa mgongo, mkimwachia njia ya kuondokea. Wakati huohuo tafuta kwa macho mti au jiwe kubwa la kuweka kati yako na yeye.

Akiinua pua juu, akikukazia macho au akitikisa kichwa, ujue hajafurahi. Usisubiri onyo jingine. Tembo mara nyingi hutisha kwanza kwa kupanua masikio na kukimbia hatua chache. Nyati akianza kuja, chukulia kwamba anakuja kweli.

Akikujia

Panda mti ulio karibu, au zunguka nyuma ya shina nene au mwamba. Begi litupe kama linakuchelewesha. Kukimbia eneo la wazi ni kushindana naye katika mchezo anaoujua kuliko wewe.

Kama hakuna mti wala mwamba na ameshafika, waongozaji hushauri ulale kifudifudi, ujibanze ardhini, ukinge kichwa na shingo kwa mikono. Pembe zake zilizopinda hupata shida kumnyanyua mtu aliyelala chini kabisa. Si dawa ya uhakika, lakini ni bora kuliko kusimama mbele yake. Usiinuke mpaka awe ameondoka kabisa.

Usiku kituoni

Giza likiingia, nyati huendelea kula na wanaweza kusogea karibu na mabanda. Ukibanwa na haja usiku, usitoke peke yako. Mwamshe mwenzako, washa tochi na umulike kwanza kabla ya kushuka ngazi. Usione aibu kumuuliza askari kama njia ya chooni ni salama.

Wagumu, yaani wapagazi, hupita njia hiyo mara nyingi wakiwa na mizigo mizito, na mtu mwenye mzigo hawezi kupanda mti haraka. Ukivunja utaratibu kwa ajili ya picha moja, unayemweka hatarini zaidi anaweza kuwa yeye.

Katika msafara ule wa asubuhi, picha bora ni ile ambayo haikupigwa. Nyati akiingia msituni mwenyewe, askari atashusha mkono, na safari ya Miriakamba itaendelea.