Tope au mwamba? Yaliyo chini ya njia ya meli

Jina Kilindini latokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Lakini kina cha asili hakikutosha meli kubwa za makasha, na kati ya 2011 na 2012 njia ya kuingilia bandari ya Mombasa ilichimbwa hadi mita 15. Kabla ya kazi kama hiyo hutakiwa kujulikana chini ya maji mna nini.

Manahodha wetu walitumia bildi: risasi kwenye kamba, ikapakwa shahamu chini ili inase mchanga au tope. Siku hizi chombo hutuma sauti majini, ambayo huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, na kina huhesabiwa kwa muda wa mwangwi kurudi. Sauti nyembamba hurudishwa na uso wa tope. Sauti nzito hupenya hadi kwenye mwamba, na kila tabaka hurudisha mwangwi wake.

Pwani yetu haipimiki kirahisi. Takriban miaka 20,000 iliyopita, wakati wa barafu, bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na mito ikachimba mabonde ambayo leo ni Kilindini na Tudor. Bahari ilipopanda, tope likayajaza. Kwa hivyo mwamba waweza kuwa karibu hapa, na hatua chache mbele ukazama mbali. Mwamba wa matumbawe nao una mapango, na pengine tabaka gumu limelalia mchanga mlegevu. Tena majani ya mikoko yakioza topeni hutoa gesi, na gesi huzuia sauti isipite. Ndipo hutobolewa mashimo na kutolewa sampuli. Ramani isiyo na mashimo ya kuthibitisha, kwa maoni yangu, ni ubashiri uliotiwa rangi.

Tope na mchanga hufyonzwa na meli. Mwamba wataka meno ya chuma, wakati mwingine baruti, na gharama hupanda.

Kwa mvuvi, tope ndilo la kuogopa: likitibuliwa huchukuliwa na mkondo na kufunika matumbawe na nyasi bahari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Sheria yataka tathmini ya mazingira na maoni ya umma kabla ya mradi. Anayehudhuria kikao hicho na aulize: mashimo mangapi yametobolewa, tope laini liko wapi, na litamwagwa wapi?