Mnyama wa nyumbani na afya ya mzee: faida zake na mambo ya kuangalia

Msikilizaji wetu, katika vihamba vya Kibosho, Marangu na Old Moshi zipo nyumba nyingi ambamo mzee anaishi peke yake. Kwa mila ya Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kuwatunza. Siku hizi huyo naye yuko Dar es Salaam au Arusha, na huonekana Desemba. Miezi mingine yote, mwenzake mzee ni mbuzi, kuku, mbwa au paka. Leo tunaangalia mnyama huyo anamfaaje mzee, na wapi anaweza kumwumiza.

Faida

Kwanza, mnyama humpa mzee ratiba. Mbuzi akilia alfajiri, lazima mtu aamke, atembee na kukata majani. Mwili usiokaa tu huchelewa kukakamaa.

Pili, hupunguza upweke. Tafiti kadhaa za nje zimeonyesha kwamba kumpapasa mbwa au paka kwa dakika chache hupunguza homoni za msongo wa mawazo. Lakini mnyama si dawa. Mwenye presha aendelee na vidonge vyake.

Tatu, huleta watu. Jirani huja kununua mayai, mwingine huomba mbolea ya migomba. Na kuku wakiwa bado wamefungiwa saa tatu asubuhi, jirani hujua kuna jambo, huenda kubisha hodi.

Chagua kulingana na nguvu za mzee

Wengi wetu tukipata fedha tunamnunulia mama ng'ombe wa maziwa. Nia ni njema. Lakini ng'ombe wa kufugwa ndani hula majani mengi kila siku, na mara nyingi ya kihambani hayatoshi, hivyo mengine hubebwa kutoka tambarare. Kwa bibi wa miaka 80 zawadi hiyo ni mzigo, isipokuwa mmeweka kijana wa kumsaidia na mnamlipa. Kuku wachache, paka au mbuzi mmoja vinaweza kumtosha. Muulizeni yeye kwanza.

Kinga

Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Muulizeni afisa mifugo wa kata. Mtu akiumwa na mbwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Kuku wapewe chanjo ya kideri, ile ya matone ya jicho, kila baada ya miezi 3.

Maziwa yachemshwe vizuri. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu.

Paka anayepita miguuni gizani humwangusha mzee, na kuvunjika nyonga uzeeni ni jambo zito. Wekeni taa karibu na kitanda.

Jambo la mwisho

Mzee akikataa kulazwa hospitali, msikimbilie kumwita mkaidi. Huenda anawaza nani atamlishia mbuzi wake. Pangeni na jirani mapema, kabla ugonjwa haujaja.

Na ukipiga simu nyumbani leo, baada ya shikamoo, uliza pia habari za mbuzi. Utasikia mengi kuhusu hali ya mzee mwenyewe.