Makundi ya Damu na Uthibitisho wa Ubaba katika Buhaya

Mwaka 1945 Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapisha jijini London kitabu kuhusu sheria ya kimila ya Wahaya. Humo imeelezwa bisisi, kanuni iliyompa ubaba mwanaume aliyekutana kwanza na mwanamke baada ya ndoa, au baada ya kujifungua, hata pale mimba iliyofuata ilipotokana na mwingine. Kanuni hiyo haikujali damu ya mtoto. Ilijali ukoo wake, na kwa hiyo nani atarithi kibanja. Jambo zito katika vilima vya Bukoba na Muleba, ambako migomba na makaburi ya mababu hukaa pamoja.

Wakati huo sayansi ilikwisha kuwa na swali lake. Karl Landsteiner alibainisha makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, na mwaka 1924 Felix Bernstein akafafanua namna yanavyorithiwa. Wazazi wawili wa kundi O hawatarajiwi kumzaa mtoto wa kundi A. Hivyo anayedaiwa kuwa baba aweza kuondolewa. Kumthibitisha ni jambo jingine, kwani wenye kundi linalofaa ni wengi, tena huenda ni ndugu zake.

Udhaifu huo ulikuwa na fidia yake katika utumishi. Kioo, matone ya seramu na mtaalamu mmoja wa maabara vilitosha, na jibu likapatikana kwa dakika chache katika hospitali ya wilaya. Vinasaba vilileta uhakika, vikaondoa ukaribu. Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 iliweka usimamizi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake, yenye asili ya mwaka 1895 enzi za Wajerumani, ipo Dar es Salaam. Mashine na wakemia wakakusanyika pwani; mdai wa Rwamishenye akabaki na safari, au na sampuli inayosafiri badala yake.

Pengine ndiyo sababu mila haikutoweka mahakamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo wa 2009, inapotaja ushahidi wa ubaba, inaweka matokeo ya vinasaba katika orodha moja na sherehe ya kimila iliyofanywa na baba wa mtoto.