Kuwinda nguruwe mwitu Tanzania: bunduki na risasi zipi zinafaa?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tangu wakati huo, Mkenya anayetaka kuwinda kihalali hulazimika kuvuka mpaka, na Tanzania ni miongoni mwa nchi jirani anazokwenda. Mnyama mmoja ambaye wengi humdharau ni nguruwe mwitu, yule anayeingia mashambani usiku na kufukua mahindi, mihogo na karanga. Dume lake laweza kupita kilo 80. Akijeruhiwa hukimbilia kichakani, na anayemfuata huko hukutana na meno makali.

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuuliza ukubwa wa bunduki kabla ya kuuliza risasi itafanya nini ikimfikia mnyama. Katika uwindaji wa kitalii kosa hilo lina gharama: mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hulipiwa sawa na aliyeuawa.

Kaliba

Nguvu ya risasi hupimwa kwa joule. Kipimo kizuri cha kuanzia ni cha Ujerumani, ambako nguruwe mwitu wa Ulaya, ndugu wa huyu wetu, huwindwa kwa wingi. Sheria ya huko inataka risasi yenye kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na nguvu isiyopungua joule 2,000 kwa umbali wa mita 100.

- .223: haifai. Hata inapotoka mtutuni haifikishi joule 2,000.
- .243: ina nguvu ya kutosha, lakini kipenyo chake cha milimita 6.2 kiko chini ya kipimo hicho.
- .308 na .30-06: zinatosha kabisa. Chagua kichwa cha risasi cha gramu 10 hadi 12.
- 9.3x62: ilibuniwa mwaka 1905 na fundi Otto Bock wa Berlin kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Kichwa chake cha gramu 18.5 huenda polepole, lakini kichakani hufanya kazi vizuri.
- .375: ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa Tanzania kwa nyati na tembo. Kwa nguruwe ni kubwa kuliko mahitaji. Anayewinda pia nyati aweza kuitumia, mradi achague risasi laini.

Shotigani nayo inafaa kwa masharti. Risasi moja nzito ya kaliba 12 ni nzuri hadi mita 50 hivi. Marisau, yaani vidonge vingi katika fataki moja, hutawanyika, hujeruhi zaidi ya kuua, na Ujerumani imeyakataza kwa mnyama huyu.

Kichwa cha risasi

Hapa ndipo pesa zitumike. Risasi ngumu, iliyofunikwa yote kwa chuma, hupita upande wa pili bila kutanuka, na nguruwe hukimbia mbali kabla ya kuanguka. Inayotakiwa ni yenye ncha laini inayotanuka mwilini, lakini iliyoungwa imara isipasuke juu ya ngozi nene na mfupa wa bega.

Aidha, moyo na mapafu ya nguruwe viko chini kuliko macho yanavyodhani, kwa sababu manyoya ya mgongoni humfanya aonekane mrefu. Lenga nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Jaribu bunduki kwa risasi zilezile utakazowinda nazo, kwani ukibadili risasi shabaha nayo hubadilika.

Sheria na mpaka

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na mgeni huwinda kupitia kampuni iliyosajiliwa. Rashasha haziruhusiwi. Kupiga kutoka kwenye gari au kumulika kwa taa ni kosa, hata kama nguruwe hutembea usiku.

Soko la pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 2010, halikufungulia silaha milango. Kibali cha kutoa bunduki Kenya na kibali cha kuiingiza Tanzania kwa muda vipatikane kabla ya safari. Usitegemee kuvipata Namanga. Namba ya bunduki na idadi ya risasi zilingane na karatasi. Kwa ndege, abiria huruhusiwa risasi zisizozidi kilo 5, kwa idhini ya shirika na katika mizigo inayopakiwa chini.

Kwa sababu hiyo, kaliba inayopatikana madukani ina faida kuliko ya ajabu. Anayeishiwa risasi za .308 aweza kupata nyingine. Mwenye kaliba adimu hurudi nyumbani.

Nyama

Usivuke mpaka na nyama mbichi. Nguruwe mwitu na ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Wao hawaugui, lakini nguruwe wa kufugwa hufa na hakuna tiba. Kipande kimoja cha nyama kinaweza kumaliza zizi la jirani.

Kwa kifupi, .308 au .30-06, risasi ya ncha laini iliyoungwa imara, na vibali kamili vinamtosha mwindaji wa nguruwe.