Orléans, Mji wa Siki

Mto Loire huanzia milima ya kusini mwa Ufaransa na kupanda kaskazini hadi Orléans. Hapo hukata kona kuelekea magharibi, kwenye Bahari ya Atlantiki. Hakuna sehemu ya mto huo iliyo karibu na Paris kuliko kona hiyo. Ndiyo maana katika Zama za Kati mashua zilizobeba mapipa ya mvinyo zilishusha mizigo Orléans, na safari iliyobaki ikawa ya mikokoteni.

Mvinyo ulikaa mtoni siku nyingi, na mwingine ulifika umechacha. Nani angelipia mkokoteni upeleke Paris kinywaji kisichonyweka? Mapipa hayo yakabaki gatini, wenyeji wakayanunua, wakauendeleza ule uchachu mpaka ukawa siki safi. Hasara ya mchuuzi ikawa mtaji wa fundi. Mwishoni mwa karne ya 14, mafundi wa siki nchini humo walikuwa tayari na chama chenye kanuni zake.

Wateja hawakukosekana. Siki ilihifadhi matango madogo na vitunguu vya kuliwa majira ya baridi, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyoozesha chakula havistahimili ukali wake. Nyama ngumu ililazwa humo ilainike. Mbegu za haradali zilisagwa pamoja nayo, na mchuzi mzito wa mafuta ukapata kitu cha kuuchangamsha.

Namna ya kuitengeneza ilidai subira. Pipa lililazwa ubavu, likajazwa nusu tu, likatobolewa matundu ya kuingiza hewa. Juu ya mvinyo ulijitanda utando mwembamba. Kila baada ya siku kadhaa fundi alichota siki kiasi, akaongeza mvinyo kiasi kile kile taratibu, utando usizame. Alijua kuwa ukizama, kazi husimama. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyeweza kumweleza.

Maelezo yalikuja na Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, katika karne ya 19. Wakati huo mwanakemia mashuhuri wa Ujerumani, Justus von Liebig, alishikilia kwamba siki hutokea kwa kemia tupu, bila kiumbe hai. Pasteur alionyesha kuwa utando ule ni viumbe hai wadogo mno, wanaotumia oksijeni ya hewani kugeuza kileo kuwa asidi. Ukizama, hukosa hewa. Mwezi Novemba 1867 alikwenda Orléans na kuyaeleza hayo mbele ya watengenezaji wa siki wenyewe, na mwaka uliofuata akayachapisha katika kitabu. Miiko waliyoachiwa na wazee wao sasa ilikuwa na sababu.

Wagema wa pwani yetu wanaujua ukweli huo kwa njia yao. Tembo la mnazi likiachwa wazi huwa kali siku hadi siku, hatimaye huwa siki. Ni bakteria wa ukoo ule ule, wakila kileo cha mnazi badala ya cha zabibu. Siki hiyo ndiyo inayotiwa kwenye achari za mboga na kwenye kachumbari ikikosekana ndimu.

Huko Ulaya, haraka ya kutengeneza siki ilikuwa imekwisha kuanza hata kabla ya Pasteur. Tangu 1823, Wajerumani walitiririsha kileo juu ya vipande vyembamba vya mbao huku hewa ikipanda kutoka chini, na majuma yakageuka siku. Katika karne ya 20 zikaja mashine zinazopuliza hewa ndani ya kileo chenyewe, nazo humaliza kazi kwa siku moja au mbili. Karibu na Orléans, kampuni ya Martin-Pouret, iliyoanzishwa 1797, bado hutumia mapipa.

Kilichobadilika ni kasi tu. Ndani ya mashine kama ndani ya pipa, anayetengeneza siki ni kiumbe asiyeonekana kwa macho, na ujuzi wa binadamu katika kazi hii, tangu gatini Orléans, umekuwa kumpa hewa na kutomharibia kazi. Mafundi wale walilishika hilo kwa mikono yao karne kadhaa kabla ya maabara kulithibitisha, nao wanastahili kutajwa kila historia ya jiko inaposimuliwa.