Moyo wa Marc-Vivien Foé

Jioni ya tarehe 26 Juni 2003 nilikuwa nimebanana na wenzangu katika banda la video, tukitazama nusu fainali ya Kombe la Mabara kati ya Cameroon na Colombia, iliyochezwa katika uwanja wa Gerland, mjini Lyon, Ufaransa. Cameroon ilikuwa mbele kwa bao 1-0. Dakika ya 72 kiungo wake, Marc-Vivien Foé, kijana wa miaka 28, akaanguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Madaktari walihangaika naye kwa dakika 45 hivi, lakini hakuzinduka.

Bandani yakaanza maneno. Huyu anasema joto, yule anasema uchovu, na mzee mmoja akakata shauri kwamba kijana amerogwa. Nami sikuwa na la kubisha. Uchunguzi wa kwanza wa maiti haukutoa jibu kamili. Wa pili ndio uliobaini kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi.

Maradhi haya si mageni. Mwaka 1958 Donald Teare, daktari mchunguzi wa maiti katika hospitali ya St George's mjini London, alieleza habari za vijana kadhaa, wengi wao wakiwa wamekufa ghafla, ambao ukuta wa moyo ulikuwa mnene zaidi upande mmoja. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, wakagundua kasoro katika jeni inayohusika na msuli huo. Ni maradhi ya kurithi: kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Inakadiriwa kwamba katika watu wazima 500, mmoja anao ugonjwa huu.

Msikilizaji anaweza kudhani moyo mnene ndio moyo wenye nguvu, kama mkono wa mpagazi. Sivyo. Ukuta ambao kwa kawaida hauzidi milimita 12 hufika 15 na zaidi, hata bila shinikizo la damu. Chumba cha moyo hukakamaa na kushindwa kujaa vizuri, na kwa wengine hata njia ya damu kutokea huzibwa. Nyuzi za msuli nazo zimekaa shaghalabaghala, hivyo umeme wa moyo unaweza kuvurugika wakati wowote, moyo ukabaki kutetemeka tu pasipo kusukuma damu.

Wengine hawaoni dalili yoyote. Lakini wako wanaopata maumivu ya kifua, wanaoishiwa pumzi upesi kuliko wenzao, na wanaosikia moyo ukienda mbio ovyo. Dalili ninayoihofia zaidi ni kuzimia katikati ya mbio au mara tu baada yake. Mtoto akianguka kwenye mchakamchaka shuleni tunasema hakunywa chai, au ana mapepo. Pengine kweli hakunywa chai. Hata hivyo apelekwe hospitali, asirudishwe uwanjani kesho yake.

Italia iliweka sheria ya kuwapima wanamichezo wa mashindano tangu 1982. FIFA ilianza kupima mioyo ya wachezaji kabla ya Kombe la Dunia mwaka 2006, miaka 3 baada ya Foé. Vipimo vyenyewe haviumi: kimoja husoma umeme wa moyo, kingine huonyesha unene wa kuta zake kwa mawimbi ya sauti. Kwetu Dar es Salaam hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hospitali nyingine kubwa pia. Akigundulika mapema, mgonjwa hupewa vidonge vya kupunguza kasi ya moyo, na aliye hatarini zaidi huweza kuwekewa kifuani kifaa cha kuushtua moyo unapovurugika.

Daktari atauliza pia habari za ukoo. Kama yupo shangazi, kaka au binamu aliyekufa ghafla angali kijana, atajwe, hata kama msibani ilisemwa amerogwa.