Neno kwa Neno: Tarakimu

Kijana mmoja anayeandika viendeshi vya vifaa kaniambia rejista ya kadi yake "inabeba tarakimu ya biti 32". Tarakimu! Neno hilo tulilopewa na Kiarabu ni alama moja tu, kuanzia 0 hadi 9. 4,294,967,295 ina tarakimu kumi, lakini ni namba moja. Kinachobebwa ni namba kamili, yaani isiyo na desimali. Idadi nayo huhesabu vitu, haishuki chini ya sifuri. Namba kamili yaweza kuwa hasi. Hapo ndipo balaa huanzia: biti zote 32 zikiwa moja, aina yenye ishara husoma hasi moja, isiyo na ishara husoma bilioni nne na ushei. Basi kijana, sema "namba kamili ya biti 32 isiyo na ishara". Ni jina refu, ndiyo, lakini ndilo sahihi.